Fonti kubadilika ukigeuza Word kuwa PDF: tupeane uzoefu

Wakuu, habari za jioni. Nina steshenari ndogo Ngamiani, hapa Tanga, na huu ni mwaka wa sita nachapa, natoa kopi na kubaindi. Naomba tukusanye hapa visa vya fonti, yaani maumbo ya herufi, maana kila wiki naona mtu anapata hasara halafu lawama inaiangukia printa.

Naanza mimi. Juzi kaja binti na flashi, ndani yake ripoti ya utafiti, kurasa 64, faili la Word. Basi lake la saa nane, ripoti inatakiwa chuoni kesho yake asubuhi. Nikaifungua kwa LibreOffice, programu ya bure inayofungua mafaili ya Word: kurasa 67. Yaliyomo yanasema Sura ya Nne iko ukurasa wa 31, ukienda unaikuta wa 33. Jedwali moja limekatika katikati, vichwa vya safu juu, namba zake ng'ambo ya pili. Binti akaanza kulia palepale kaunta.

Kumbe alikuwa ameandika kwa Aptos, fonti ambayo Microsoft walianza kuiweka mahali pa Calibri mwaka 2023. Kompyuta yangu haina Aptos. Faili la Word kwa kawaida hubeba jina la fonti tu. Herufi zenyewe hutafutwa kwenye kompyuta inayolifungua, zikikosekana huwekwa nyingine. Ingekuwa Calibri tungesalimika, kwa sababu LibreOffice huweka Carlito, ambayo upana wa kila herufi umelinganishwa na Calibri, hivyo mistari inakatika palepale.

Tukampigia kaka yake nyumbani Makorora, akafungua leptopu ileile iliyoandikiwa, akasevu kama PDF, akatuma WhatsApp. Kurasa 64, yaliyomo sawasawa. Saa saba na nusu nilikuwa nabaindi. Tangu siku hiyo kila anayekuja namwambia: PDF itengenezwe kwenye mashine iliyoandika.

Karibuni.

Maalim wa madrasa: Assalamu alaykum. Langu liliniuma sana. Mfungo Sita uliopita tuliandaa kadi za mwaliko wa Maulidi, juu tukaweka aya ya 56 ya Suratul Ahzab. Kwenye Word ilikaa vizuri. Kijana wetu akaigeuza kuwa PDF kwa programu ya simu, tukaipeleka kuchapisha bila kuifungua tena. Nakala 150. Kuzishika mkononi, herufi zimeachana! Kiarabu herufi hubadilika umbo kufuata jirani yake. Alifu na wau hazibadiliki sana, lakini nuni, yaa na sini zote zilisimama pekee, kama mtoto anayejifunza ubao wa kwanza. Mstari wa pili ulianzia kushoto.

Maneno ya Mwenyezi Mungu hayatupwi jalalani. Tulizikusanya zote, tukazihesabu zisipungue, tukazichoma kwa adabu nyuma ya madrasa. Fedha ilikuwa ya michango ya wazazi. Sasa natumia Amiri, fonti ya bure ya mwandiko wa Kiarabu wa naskhi, naigeuza kwenye kompyuta yenyewe, na aya naisoma ndani ya PDF kabla haijatoka.

Mdau wa Chumbageni: Pole sana Maalim. Mimi PDF yangu ilikuwa nzuri kwa macho, lakini jarida nililotuma makala liliirudisha: fonti hazijapachikwa, yaani herufi zenyewe hazimo ndani ya faili. Nilibisha, maana kwangu ilionekana safi. Ilionekana safi kwa sababu kompyuta yangu ilikuwa nazo. Tatizo lilikuwa kwenye grafu mbili nilizozitoa programu nyingine. Maandishi yake yalikuwa Helvetica kwa jina tu.

Kukagua ni rahisi: fungua PDF kwa Adobe Reader, bonyeza Ctrl na D, nenda Fonts. Kila fonti iandikwe Embedded au Embedded Subset, yaani herufi zote zimo au zile tu zilizotumika. Ukiona jina peke yake, usitume. Na unaposevu kwenye Word, ingia Options uweke tiki PDF/A. LibreOffice nayo inayo kwenye kuhamisha kuwa PDF. PDF/A ni mfumo wa kutunza nyaraka uliowekwa mwaka 2005, na unalazimisha fonti zote ziwemo.

Mtengeneza kadi za harusi: Niongezee dogo. Zipo fonti za mapambo ambazo mwenyewe aliyezitengeneza amezifunga zisipachikwe. Hizo jina la bibi harusi linatoka kwa fonti nyingine au linageuka picha yenye ukungu. Jaribu fonti kwanza kwa neno moja, usisubiri kadi nzima iishe.

Mwanzisha uzi: Mdau, nimeijaribu hiyo Ctrl na D sasa hivi kwenye mafaili kumi ya wateja wa leo. Matatu yana fonti zisizopachikwa, na moja ni mkataba wa nyumba. Kesho nawapigia wenyewe.

Maalim, kadi za mwaka huu zilete kwangu. Njoo nazo mwenyewe, tuifungue PDF pamoja, uisome aya neno kwa neno hapo kaunta, nitoe nakala moja kwanza uishike. Ukiridhika ndipo nitatoa zilizobaki.