Naomba ushauri: kuvua samaki aina ya krapi nikiwa nchi kavu, wananichomoka kwenye ndoana

Wakuu, habari za wakati huu. Nipo Kentucky, Marekani, leseni ya uvuvi ninayo ila boti sina, kwa hiyo navulia kando ya ziwa Taylorsville. Namtaka krapi, yule bapa mwenye madoa meusi. Nyama yake nyeupe, laini. Ukimkaanga unamkumbuka sato wa Mwanza.

Mwezi wa 4, maji yalipoanza kupata joto wakasogea kutaga kwenye kina kifupi, niliwapata penye miti iliyozama. Chambo visamaki hai, ndoana ndogo, boya futi 3 juu yake. Lakini wengi walichomoka nikiwavuta. Mmoja aliniachia kipande cha ngozi ya mdomo kwenye ndoana, chembamba kama ganda la kitunguu. Iliniuma sana kumjeruhi samaki bure.

Sasa ni Julai, wamehamia kina kirefu na boya halitikisiki kabisa. Mnaovulia nchi kavu, nivuteje bila kuwachana mdomo? Na joto hili nijaribu usiku kwa taa, au nitafute daraja lenye maji marefu chini yake?

Natanguliza shukrani.