Wakuu, kuchambua sini ya muvi kunaanzia wapi? Shoti, engo na saundi zinanichanganya

mtoto_wa_tandika:
Habari za jioni wakuu. Nasoma media hapa Dar mwaka wa kwanza, tumepewa kazi ya kuchambua sini moja ya Bongo Muvi na lazima tutumie istilahi. Sini yangu baba anamfukuza binti yake usiku, wanagombana sebuleni weee mpaka binti anatoka na begi. Kusimulia kilichotokea naweza, ila hizi shoti, engo, mizansini, saundi ya ndani na ya nje unaziingizaje bila kuonekana umezibandika tu?

karanga_moto:
Anza na "stelingi hafi", hiyo ndo istilahi ya kwanza 😂 Natania dogo, wataalamu wanakuja.

edita_sinza:
Dogo iangalie kwanza umezima sauti. Kila inapokatwa andika ni shoti ya mbali, ya kati au klozapu (sura imejaa skrini), na kamera iko juu au chini ya macho ya mtu. Ila usiishie hapo maana "engo ya chini" peke yake haikupi maksi, sema kamera imewekwa chini usawa wa begi, baba anaonekana kajaa mpaka darini, binti anapigwa picha kutoka juu kawa kadogo, kwa hiyo kabla hajafungua mdomo tushajua nani mwenye nyumba. Na usikariri kwamba engo ya chini ni ubabe kila mahali, kuna muvi zinampiga mtu hivyohivyo ili awe kituko tu.

Maana ya shoti inategemea na shoti inayofuata. Kuna Mrusi anaitwa Kuleshov, miaka 100 hivi iliyopita, inasimuliwa alichukua sura ileile ya muigizaji akaiunga mara na bakuli la supu mara na jeneza, watazamaji wakamsifia jamaa anajua kuigiza njaa, anajua kuigiza huzuni, wakati sura ni ileile moja. Sasa binti yako akilia kwenye klozapu, inakatwa kwenda wapi? Kwa mama aliyenyamaza pembeni au kwenye picha ya familia ukutani? Hapo maana inabadilika kabisa.

Cheki na mstari wa digrii 180, yaani watu wawili wakigombana unachora kichwani mstari kati yao, kamera ibaki upande mmoja wa mstari huo, ikivuka utaona kama wote wanaangalia upande mmoja. Kabla hujaandika ni kosa angalia imevuka wakati gani, labda dairekta kakusudia (Bongo mara nyingi hajakusudia lol).

bint_upanga:
Na saundi jamani. Simu ikiita baba akageuka, hiyo iko ndani ya hadithi, wao wenyewe wanaisikia. Kile kinanda cha huzuni hakuna anayekisikia mle sebuleni, ni cha nje, tumewekewa sisi. Andika kinaanza sekunde gani, maana muvi zetu nyingi kinaanza hata kabla mtu hajaudhika, yaani unaambiwa lia na sababu bado haijafika.

karanga_moto:
Swali la kizushi basi, kwenye kibanda umiza (vile vibanda vya video mtaani) ma-DJ kina Lufufu wakitafsiri muvi ya Kichina juu kwa juu, sauti yao ni ya ndani au ya nje?

bint_upanga:
Ya nje, tena nje mara mbili, hata aliyetengeneza muvi haijui 😂 Lakini DJ akianza kumwambia stelingi "geuka nyuma we mjinga" na jamaa akageuka kweli, ukumbi mzima unaona kasikia.

mtoto_wa_tandika:
Asanteni sana, na mizansini je?

edita_sinza:
Vyote vilivyopangwa mbele ya kamera, taa, nguo, fanicha, mtu kasimama wapi. Wameitoa kwenye tamthilia za jukwaani. Usiorodheshe vitu kama dalali wa nyumba, chagua kinachosema kitu. Kochi usiliandike, ila kama bado lina nailoni ya dukani na baba hataki mtu alikalie, hilo andika.