Acheni kudanganya watu eti "weka kadi mpya ya picha tu" kompyuta ya zamani icheze magemu mapya!

Wakuu, heshima kwenu, lakini leo povu ruksa.

Kila mtu akilalamika kuwa kompyuta yake ya zamani inakwama kwenye magemu mapya, wataalamu wana jibu moja: "Weka kadi mpya tu mkuu, utateleza." Muuzaji naye anaitikia amina, si anataka mzigo utoke! Haya, kadi nimeweka. Namba ya fremu (picha kwa sekunde) pale juu kwenye kona inasoma 70, roho kwatu. Nikiingia kwenye mtaa wenye watu inaporomoka hadi 20, picha inaganda, sauti inakwaruza, na ikizinduka nimeshalala chini, jamaa anarukaruka juu ya maiti yangu. Nafungua kipimo: prosesa (ubongo wa kompyuta) imejaa asilimia 100, kadi mpya inajikuna kwenye 45.

Maana prosesa ndiyo inayopanga nani anatembea wapi na risasi imegonga nini, kabla kadi haijachora hata nukta moja. Prosesa ikichelewa, kadi inakaa kusubiri, hata iwe ya gharama gani. Kuna kipimo cha dakika mbili hapa: shusha ukubwa wa picha hadi chini kabisa. Fremu zisipoongezeka, kadi haina kosa. Mbona hakuna anayemwambia mtu afanye hivyo kabla hajatoa hela?

Sawa, tubadilishe prosesa. Hapo sasa ndipo kuna uhuni. Chukua mwenye Core i5-7500, prosesa ya Intel ya kizazi cha 7 ya Januari 2017, viini vinne. Oktoba mwaka huo huo Intel wakatoa kizazi cha 8 cha kompyuta za mezani, i5 zikapanda hadi viini sita, na soketi (tundu la prosesa) ikabaki na jina lile lile, LGA 1151. Lakini kwenye mazabodi (bodi kuu) ya Januari huruhusiwi kuitumia! Inataka mazabodi za mfululizo wa 300. Yaani ukitaka viini viwili vya ziada, nunua na mazabodi. Na ukiona heri uruke hadi majukwaa ya sasa kama AM5 ya AMD, mshindani wa Intel, RAM zako za DDR4 nazo hazina kazi, ni DDR5 tu. Umeanza na kadi, umemaliza na kompyuta nzima, kilichobaki cha zamani ni kasha na kipanya. Windows 11 nayo ikachora mstari pale pale: kizazi cha 7, ukiacha chipu chache mno, hakimo kwenye orodha yake, na Windows 10 msaada wake ukakatwa tarehe 14 Oktoba 2025.

Msije na hoja kwamba teknolojia ndivyo ilivyo. Mei 2020 AMD walisema mazabodi za B450 na X470 hazitapokea prosesa zake za Ryzen 5000. Watumiaji wakawaka, na mwezi huo huo kampuni ikageuza kauli. Mwaka 2022 hata B350 za 2017 zikafunguliwa njia, kinachotakiwa ni mtengenezaji wa mazabodi atoe BIOS (programu inayoiwasha mazabodi) mpya. Tundu lile lile la 2017, leo linabeba Ryzen 7 5800X3D. Kwa hiyo wakibanwa wanaweza. Sisi huku tunajibizana nani hana akili kwa kununua nini.

Turudi kwenye kadi zenyewe, maana nazo zina yake. RX 6500 XT ya 2022 ina GB 4 za kumbukumbu na njia nne tu za PCIe, barabara inayounganisha kadi na mazabodi. Kwenye mazabodi mpya ya PCIe 4.0 inapumua kidogo. Kwenye mazabodi ya zamani ya PCIe 3.0 kasi ya njia hizo inakatika nusu, takriban GB 4 kwa sekunde, na kumbukumbu ikijaa kila kitu kinapita kwenye uchochoro huo. Yaani kadi ya bei ya chini, ambayo mwenye mashine kuukuu ndiye mteja wake, inamwumiza yeye kuliko wote. Ni mbuzi kwenye gunia. Na majina ndiyo usiseme: GTX 1060 ya GB 3 na ile ya GB 6 hazitofautiani kumbukumbu tu, ile ndogo imepunguzwa na viini pia, 1152 dhidi ya 1280. Jina moja!

Wenye zile kompyuta za ofisini zilizotumika, poleni sana. Unafungua mfuniko, unakuta plagi ya pawa saplai ni ya kampuni yenyewe, haifanani na za dukani, na hakuna hata waya mmoja wa kulisha kadi. "Kadi tu", eti.

Watengenezaji wa magemu nao wasijifiche. Indiana Jones and the Great Circle na Doom: The Dark Ages zinadai kadi yenye uwezo wa kufuatilia miale ya mwanga ndani ya chipu, kwa hiyo GTX 1080 Ti yenye GB 11 haimo, hata ushushe setingi mpaka chini. Monster Hunter Wilds wao waliandika kwenye mahitaji yao yanayopendekezwa kwamba fremu 60 kwa 1080p utazipata ukiwasha fremu za kubuniwa na kadi. Fremu za kubuniwa, kwenye setingi za kawaida! Nilisoma mara mbili nikadhani macho yangu.

Basi anayekuja chini hapa na "weka kadi tu mkuu", amwulize kwanza mwenzake prosesa gani, mazabodi gani na PCIe ya ngapi, pawa saplai ya wati ngapi na ina waya gani, nafasi ya kasha sentimita ngapi, na gemu lenyewe ni lipi. Hujauliza, nyamaza.