Naomba ushauri: riwaya ya uhalifu ya Uswidi, mpelelezi ni wakili mwanamke, ila mauaji yako kanisani

Kalamu ya Kagera
Wakuu, habari za jioni. Tuna kikundi cha kusoma vitabu hapa Bukoba, wengi ni akina mama, vijana wachache. Mwezi huu zamu ya kuchagua ni yangu. Nataka riwaya ya uhalifu kutoka nchi za baridi, mpelelezi awe mwanamke asiyetishika, na ikiwezekana mwanasheria. Wale mainspekta walevi walioachwa na wake zao tumewachoka.

Nimemwona Åsa Larsson, mwandishi wa Uswidi, na kitabu chake cha kwanza, Sun Storm. Mhusika wake, Rebecka Martinsson, ni wakili wa masuala ya kodi Stockholm. Mhubiri kijana mwenye jina kubwa anauawa ndani ya kanisa huko Kiruna, kaskazini kabisa, alikokulia Rebecka. Dada wa marehemu, rafiki wa zamani wa Rebecka, anampigia simu, na baadaye polisi wanamgeukia huyo huyo dada.

Sasa shida. Nusu ya kikundi ni walokole na wawili ni wake wa wachungaji. Kurasa za mwanzo tu, damu iko sakafuni mwa kanisa. Wasije wakasema nimewaletea kitabu cha kukashifu imani. Nikipeleke au nitafute kingine?

Mzee wa Kurasa
Mnahangaika na barafu ya nini? Wapelelezi wetu wa riwaya tunao: Bwana Msa yupo tangu 1960, Willy Gamba yupo, Joram Kiango yupo. Tena Kiswahili kitamu.

Kalamu ya Kagera
Mzee wangu shikamoo. Wote hao tumewasoma, na wote ni wanaume. Ndiyo maana niko hapa.

Baridi Bin Barafu
Dada, mimi naishi Luleå, huku kaskazini mwa Uswidi, Kiruna ni saa chache kwa treni. Kitabu kinasema kweli kuhusu maisha ya huku. Ni mji wa mgodi wa chuma, na mgodi umeula mji kutoka chini mpaka wanauhamisha; Agosti 2025 kanisa lao kubwa la mbao lilibebwa zima zima kwenye magari hadi mahali papya, kama kilomita 5. Desemba jua halichomozi kwa wiki kadhaa. Usiku gari unalichomeka kwenye umeme, la sivyo asubuhi injini haiwaki. Ukivuta pumzi puani, vinyweleo vinagandamana. Waambie wanakikundi hayo kabla hawajaanza, maana mwandishi haelezi sana, anadhani unajua.

Kuhusu ulokole: huku kaskazini kulitokea uamsho mkubwa miaka ya 1840, ndani ya Ulutheri, ulioanzishwa na mchungaji Lars Levi Laestadius kule Karesuando. Kutubu hadharani, kuacha pombe, kuhukumiana mavazi. Mtu wa Bukoba akisoma atadhani ni jirani zake. Kanisa la kwenye riwaya ni la kisasa zaidi, la vipaza sauti na mikutano mikubwa, lakini udongo ni huo huo.

Wakili Msomi Kiasi
Nikupe la upande wa sheria, maana wengi wanakosea wakidhani Rebecka anakamata watu. Kitabu cha kwanza hana mamlaka yoyote. Upelelezi rasmi ni wa inspekta Anna-Maria Mella, ambaye ni mjamzito na tumbo liko mbele. Rebecka anamsindikiza rafiki yake tu, huku bosi wake Stockholm amekasirika. Silaha yake ni kusoma mahesabu. Wachungaji wanajua kujibu swali la dhambi. Swali la kodi linawatoa jasho. Mwandishi mwenyewe alikuwa mwanasheria wa kodi, ndiyo maana sehemu hizo zina uzito.

Vitabu vya mbele anakuwa mwendesha mashtaka Kiruna. Hilo si la kubuni tu: Uswidi, kwenye kesi nzito, mwendesha mashtaka ndiye anayeongoza upelelezi na polisi wanapokea maelekezo yake.

Kijiwe cha Riwaya
Kama unaogopa, nenda Iceland kwa Yrsa Sigurðardóttir. Mhusika wake, Thóra Guðmundsdóttir, ni wakili wa Reykjavík, ameachika, ana watoto, bili zinamkimbiza, ulimi mkali. Utacheka. Ila cha kwanza kina mwanafunzi Mjerumani aliyeuawa na mambo ya uchawi wa karne ya 17, kwa hiyo sijui kama kwa wake wa wachungaji umepunguza tatizo au umeongeza 😄

Kuna Anne Holt wa Norwei pia, mwanasheria aliyewahi kuwa waziri wa sheria.

Wakili Msomi Kiasi
Ndiyo, ila Hanne Wilhelmsen wa Anne Holt ni polisi. Dada ameomba wakili.

Mama Mchungaji K
Mimi ni mke wa mchungaji na nimekisoma. Hakikunikwaza pale unapopaogopa. Imani ya Rebecka imejeruhiwa, haidhihakiwi. Bado anazikumbuka aya na bado zinamgusa. Wachungaji wa humo, kweli, sikumpenda hata mmoja, na hapo mwandishi kabana mno. Lakini tangu lini hatujawahi kuona fedha za kanisa zikigombaniwa?

Onyo langu ni lingine: kuna watoto wanaoumizwa na watu wa kuwalinda. Hilo ni zito kuliko damu ya ukurasa wa kwanza. Kwenye kikundi unaweza kuwa na mtu yaliyemkuta. Waambie mapema, kila mmoja aamue.

Kijiwe cha Riwaya
Nyongeza: fuata mpangilio. Kitabu cha pili kinaanza Rebecka akiwa hoi kwa yaliyotokea mwisho wa cha kwanza. Na angalia unaponunua, cha kwanza (Kiswidi, 2003) kwa Kiingereza kina majina mawili: Marekani ni Sun Storm, Uingereza ni The Savage Altar. Ni kitabu kimoja, usilipie mara mbili.

Kalamu ya Kagera
Asanteni sana. Nakipeleka. Mama Mchungaji, la watoto sikulijua, nitalisema siku ya kugawa nakala. Thóra atakuwa wa baadaye.

Mzee wa Kurasa
Marahaba. Wazee mnapokea?

Kalamu ya Kagera
Karibu mzee, ila mgeni anakuja na senene.