Sahani za bibi zimeingia doa na unga mweupe, nizisafisheje?

PembeYaMji: Salaam wadau. Bibi yetu wa Mji Mkongwe katuachia sahani na mabakuli yaliyokaa kwenye vidaka vya ukutani tangu mama hajazaliwa, sasa nyumba inakarabatiwa ndo nimezibeba zote hadi kwangu Dar. Kuna za kichina zile za buluu, na nyingine nyuma zina muhuri Petrus Regout, Maastricht. Moja ina ufa na doa la kahawia linatambaa kufuata ufa, mbili zinatoa unga mweupe kwa chini, ukifuta unarudi. Dada anataka aziloweke kwenye jiki usiku kucha nimemzuia kwanza. Halafu kuna bakuli lilishapasuka zamani likashonwa kwa vijiwaya vya shaba, niving'oe nigundishe na supaglu?

FundiVigae: USILOWEKE. Hizo za Regout ni za Uholanzi, walikuwa wanatengeneza mzigo wa kuleta huku kwetu, ni udongo laini umepakwa kioo juu, maji yakipenya kwenye ufa yanakaa ndani. Jiki inaacha chumvi, ikikauka inageuka chembe zinabandua rangi kutoka ndani. Na huo unga nao ni chumvi, kuta za mawe na chokaa za pwani zinanyonya unyevu wa chumvi. Futa na brashi laini kavu, weka mahali pakavu pasipobadilikabadilika, basi.

mama_chai: Mie za kwetu naziosha kwa ndimu na majivu toka utotoni na zinang'aa tu, mnatutisha bure

FundiVigae: @mama_chai zako zitakuwa kaure ngumu kama za kichina, na ile buluu iko chini ya kioo ndo maana haitoki. Jaribu kwenye yenye dhahabu au nyekundu iliyochorwa juu uone, ndimu inakula rangi na majivu yanakwaruza. Mtoa mada, tofauti utaijua hivi, kaure ukiimulika na tochi mwanga unapita, udongo haupitishi. Kaure nzima isiyo na dhahabu osha moja moja kwenye beseni la plastiki, taulo chini, maji vuguvugu na sabuni kidogo ya vyombo.

Shungwaya77: Vijiwaya viache jamani!! Hiyo ndo historia ya bakuli lenyewe, bibi alilipenda hadi akalipeleka kwa fundi. Supaglu inageuka njano na ukikosea kupanga vipande umekwisha. Wataalamu wanatumia gundi inayotoka kwa asetoni (ile ya kuondolea rangi ya kucha). Waulize watu wa makumbusho, Fort Jesus Mombasa wana vyombo kibao vya hivi walivyochimbua kwenye magofu ya Gedi.

PembeYaMji: Nimewaelewa. Je, Idi naweza kupakulia biriani kwenye hizo nzima?

FundiVigae: Hapana, rangi za zamani nyingi zina madini ya risasi, ni sumu. Na ukizipanga usizibebeshe juu kwa juu bila kitambaa kati, gazeti acha maana wino unahamia.

mama_chai: Haya basi ndimu nitamalizia kwenye samaki 😂