Nyati na kaliba ya bunduki: mliofanya kazi porini tupeane uzoefu

Kijana wa Shela: Salaam wakuu. Nina mgeni Mtaliano hapa Malindi, huja kuvua sulisuli. Safari hii anataka kuvuka Tanzania akawinde nyati, na pofu akipata kibali. Ana bunduki mbili za kaliba (upana wa risasi) tofauti: .30-06 aliyoizoea na .458, kubwa zaidi, aliyoinunua juzi. Ananiuliza abebe ipi, na mimi najua mishipi na ndoana tu. Mwageni.

Mambrui Mkongwe: Kuwinda ni marufuku Kenya tangu 1977. Usitutafutie kesi.

Kijana wa Shela: Shikamoo mzee wangu. Nimeandika Tanzania.

Mambrui Mkongwe: Marahaba. Haya.

Traka wa Kakoneni: Nilipoona "aliyoinunua juzi" moyo ukanipiga. Nilikuwa traka, yaani mfuata nyayo, kusini mwa Tanzania. Mteja akaja na .458 mpya vivyo hivyo. Kambini akapiga karatasi risasi mbili, bega likamuuma, akasema inatosha. Sisi tuliosimama ubavuni tulimwona: kila akitaka kufyatua anafumba macho kabla ya mlio.

Asubuhi tukakuta madume matatu mazee yamelala matopeni. Vijiti vya kuegeshea bunduki vikasimikwa, hatua kama sitini. Akafyatua. Nyati akakunja mgongo, akatimka. Nilipofika aliposimama nikaokota unyasi una damu nyeusi yenye chembe za majani yaliyotafunwa. Damu ya mapafu hung'aa na ina povu. Ile ilikuwa ya tumbo. Mwindaji mwenyeji akaitazama, akatoa risasi za vichwa laini (hupanuka zikiingia) kwenye dabo yake, bunduki ya mitutu miwili, ya .470, akatia za vichwa vigumu (hupenya bila kupanuka). Hakusema neno.

Tukamfuata mpaka jua la utosini. Damu ikakatika, nyayo zikaingia kwenye miba, kisha zikapinda kuturudia. Namshika mkono askari wa wanyamapori nimwonyeshe, nyati huyo, katokea ubavuni! Mteja akakoki, risasi nzima ikaruka chini bila kupigwa. Akakoki tena, ya pili nayo chini. Dabo ikalia mara mbili. Nyati alipoanguka, ute wa pua yake ulikuwa kwenye kiatu cha mwindaji.

Kobe Mtulivu: Subhanallah.

Mpwani Halisi: Traka wapi, ulikuwa mpishi wewe! Mimi nakukumbuka ukichanja kuni.

Traka wa Kakoneni: Nilianzia jikoni. Kwani wewe ulizaliwa na ndevu?

Bi Ngomeni: Acheni utoto. Marehemu baba aliwabebea wazungu bunduki huko mto Galana kabla ya marufuku. Yeye na .375 tu. Ipo tangu 1912, kichwa chake gramu kama 19, nyati inamtosha na pofu haimharibu nyama, na teke lake mtu wa kawaida analistahimili. Hiyo .30-06 ni ya swala. Nchi kadhaa zimeweka .375 kuwa ndiyo ya chini kabisa kwa nyati na ndovu.

Daktari wa Baruti: Maneno matupu. Bell, yule mwindaji Mskoti wa zamani, aliua ndovu zaidi ya 1,000, wengi kwa ka-bunduki ka milimita 7 na kichwa kigumu. Kinachoua ni mahali ilipopita.

Traka wa Kakoneni: Bell alipasua fuvu la ndovu kwa msumeno ajue ubongo ulipo. Mtaliano wetu kapasua nini, changu?

Mwana wa Kiwaata: Babu zetu Wawaata walimwangusha ndovu kwa upinde na mshale wa sumu, wala hapakuwa na habari ya milimita. Kampeni ya 1957 ya kupinga ujangili kule Tsavo ikawajaza jela, huku wageni wanakatiwa leseni.

Mambrui Mkongwe: Siasa hiyo, fungua uzi wako.

Mwana wa Kiwaata: Si siasa, ni babu yangu.

Bi Ngomeni: Mwacheni aseme.

Kobe Mtulivu: Na darubini ya bunduki jamani! Mgeni mmoja aliikaribia mno, teke likamchana nyusi. Achukue ya kuona karibu na aweke jicho mbali.

Msafiri wa Witu: Ndege nyingi mwisho kilo 5 za risasi, kwenye kasha lake la kufuli, si kwenye mkoba wa mkononi. Niliwahi kuona bunduki imefika, risasi zimebaki safarini, na kaliba yenyewe ya ajabu. Kambi nzima hamna inayoingia. Kwa .375 angeazima.

Daktari wa Baruti: Abebe vichwa vigumu vitupu, basi.

Traka wa Kakoneni: Kigumu kwenye kundi kinampita huyu kinamjeruhi wa nyuma, akalipie wawili. Cha kwanza laini, vinavyofuata vigumu. Na kabla ya safari apige akiwa amesimama, kwenye vijiti, mpaka macho yaache kufumba.

Mpwani Halisi: Mpishi kasema.

Kijana wa Shela: Nimemsomea. Anasema .458 ataiuza. Ila ameuliza: yule mteja alilipia nyati aliyeuawa na mwingine?

Traka wa Kakoneni: Alilipa yote. Ukishamtoa damu ni wako. Bakshishi ndiyo hakutoa.