Bardi na Peruzzi: kwa nini walimkopesha Edward III mahela yote yale?

Mdadisi_Moro
Wakuu habari za jioni. Kuna kitu hakiniingii akilini kuhusu Bardi na Peruzzi, zile kampuni za kifamilia za biashara na mikopo za mji wa Florence, Italia. Peruzzi wanafilisika 1343, Bardi wanafuata 1346, na kila unaposoma unaambiwa Edward III wa Uingereza ndio aliwadhulumu. Sasa hawa watu si walishaona kampuni ya Riccardi ya Lucca, mji jirani, ilivyozama 1294 baada ya kumkopesha babu yake Edward I, na wakopeshaji wengine, Frescobaldi, wakatimuliwa Uingereza 1311, mbona wakaenda kumwaga hela mulemule? Halafu riba si kanisa lilikataza, faida walikuwa wanaipata wapi?

GuniaLaSufu
Mkuu ule mkopo ndio ulikuwa kibali chenyewe. Wafumaji wa nguo kule Florence walitaka sufu ya Uingereza maana ilikuwa bora kuliko zote, na sufu haitoki bandarini mfalme asipotaka. Ukimkopesha unaruhusiwa kusafirisha, unapunguziwa ushuru, na mara nyingine unakabidhiwa mapato ya forodha ujilipe mwenyewe. Ushuru ulianza 1275, shilingi 6 na peni 8 kwa gunia (gunia lenyewe ratili 364, sio la kubeba begani), vita na Ufaransa ilipoanza 1294 ukapandishwa mpaka shilingi 40, kelele zikawa nyingi ukafutwa 1297, ila wafalme walishaonja utamu hawakuusahau.

Kuhusu riba, hila ni zilezile unazozijua. Mfalme anatoa "zawadi" ya kufidia hasara na usumbufu, basi kwenye karatasi riba hakuna na mfukoni ipo. Shida ni kwamba ukishatoa hela ya kwanza umenasa, maana ukigoma kuongeza unakosa kibali na zile za mwanzo huzioni tena.

kijana_wa_hesabu
Mimi nakubali nusu. Ile hadithi kwamba Edward peke yake ndio kawaua imetoka kwa Villani, mwandishi wa historia wa Florence wa enzi hizo, ameandika Edward alikuwa anadaiwa florini (sarafu za dhahabu za Florence) 900,000 na Bardi na 600,000 na Peruzzi, utajiri wa kununua ufalme mzima. Sasa Villani huyohuyo aliwahi kuwa mbia Peruzzi, na baadae akawekwa ndani kwa madeni ya kampuni nyingine iliyoanguka, unategemea alaumu nani? Wanahistoria kibao wanaona hizo namba zimevimba.

Angalia nyumbani kwao kwanza. Florence imetumia mahela kwenye vita ya kuigombania Lucca, 1342 wakubwa wa ufalme wa Naples, waliokuwa wameweka hela kwenye kampuni hizi, wakasikia Florence inataka kuhamia upande wa mfalme wa Ujerumani, mpinzani wao, wakaanza kudai amana zao kwa pamoja, na 1343 wananchi wakamtimua Walter wa Brienne, mtawala wa Florence, miezi michache mbele majumba ya Bardi yakavamiwa na kuchomwa. Kampuni gani inabaki hapo? Edward hakulipa, sawa, lakini maji yalishafika shingoni.

Mdadisi_Moro
Duh hiyo ya Naples sikuijua. Sasa mbona Venice nao walikopa sana na hawakuleta balaa kama hili?

GuniaLaSufu
Kwa sababu Venice anayekopesha na anayekopa ni watu walewale. Serikali ikitaka hela ya vita inawalazimisha wenye mali wakopeshe kila mtu kwa uwezo wake, na 1262 madeni yote yakaunganishwa kuwa mfuko mmoja unaolipa asilimia 5 kwa mwaka, na hati yako ya deni unaweza kumuuzia mwingine ukachukua chako ukaondoka. Wanaoamua kulipa au kutolipa ndio haohao wenye hati, nani ajidhulumu? Hawakuyumba sana mpaka vita na Genoa ya 1378 hadi 1381, hapo malipo yakasimama na bei ya hati ikaporomoka vibaya. Florence wenyewe wakaja kuunda mfuko wa namna hiyo 1345, katikati ya vifo vya hizo kampuni.

Mfalme yeye deni ni lake binafsi, hakuna wa kumbana. Edward aliweka rehani mpaka taji lake kwa askofu mkuu wa Trier kule Ujerumani, na 1340 akatoroka Ghent (mji wa Ubelgiji ya leo) kimyakimya akawaacha watu wake huko kama dhamana ya madeni, akatua London usiku wa manane bila taarifa.

kijana_wa_hesabu
Hapo kwenye "hakuna wa kumbana" weka alama ya kuuliza. Bunge lilimbana taratibu, kila akitaka ushuru wa sufu anaombwa kitu, mpaka 1362 ikawa sheria kwamba ushuru huo hauongezwi bila bunge kukubali.

Mdadisi_Moro
Na Waitaliano walivyokufa alikopa kwa nani?

GuniaLaSufu
Kwa wafanyabiashara wake wa nyumbani, na alishaanza hata kabla hawajafa. Mkubwa wao alikuwa William de la Pole wa Hull, muuza sufu, alimtafutia mfalme mahela mengi sana ya vita. Huyu mwanae Michael alikuja kuwa Earl wa Suffolk 1385. Ila naye hakupona, ule usiku Edward alivyorudi kutoka Ghent ana hasira, De la Pole alikuwa kwenye kundi la kwanza kukamatwa.